Samaki wa mapambo kwenye karai la nje msimu wa kaskazi

Kaskazi ya mwaka jana nilipoteza samaki 19 kwa usiku mmoja. Umeme ulikuwa ukikatika kila mara na sebule inawaka moto, basi nikawatoa kwenye tangi la vioo nikawatia kwenye karai jeusi la plastiki, kule juu tunakoanika nguo. Mchana kutwa walikuwa wazima. Nilipoamka kwa swala ya alfajiri niliwakuta wote wanaelea.

Nililaumu jua, kumbe walikosa pumzi. Maji ya moto hayashiki oksijeni vizuri: kwenye nyuzi 25 lita moja hubeba miligramu 8 hivi, kwenye nyuzi 32 hubaki 7 na kidogo, na joto hilo hilo humfanya samaki ahitaji zaidi. Tena maji yaliyogeuka kijani hutoa oksijeni mchana, lakini usiku ukijani wenyewe huivuta. Kwa hiyo saa mbaya ni kabla ya jua kuchomoza. Ukiwakuta alfajiri wamejipanga juu ya maji wanatweta, usiwape chakula. Punguza theluthi ya maji, kisha mimina mengine polepole kwa kata, kutoka juu, yaingie hewa.

Chombo kipana ni bora kuliko pipa refu, maana hewa huingilia juu ya maji. Kiwe cha rangi nyepesi, na kina kisipungue shubiri mbili. Kiweke upande wa mashariki wa ukuta kipate jua la asubuhi tu. Lakini hapa Mombasa mwezi wa Machi jua hupita utosini na kivuli cha ukuta hutoweka adhuhuri, basi tia kuti moja juu yake.

Maji ya mfereji yana dawa. Yaache kwenye ndoo wazi mchana na usiku kabla ya kuyatumia. Ya kisima, tunajua wenyewe, mengi yana chumvi. Gapi na moli huvumilia chumvi kuliko samaki wa dhahabu. Na hapa ndipo wengi hukosea: maji yanapokauka kwa joto, chumvi hubaki. Ukijaliza kwa maji ya kisima kila siku, chumvi huzidi mpaka hata moli wachoke. Jaliza kwa maji matamu.

Jirani yangu aliniambia waziwazi kwamba makarai yangu yanamfugia mbu. Hakukosea sana, maana karai tupu la maji ni kiota. Mbu wa chikungunya na dengi hupenda maji safi yaliyowekwa majumbani, na katika joto letu yai huwa mbu anayeruka kwa muda wa wiki moja au siku kumi. Lamu na Mombasa tuliionja chikungunya mwaka 2004, na Mombasa ikarudiwa kuelekea 2018. Mwaka huo nami ilinishika. Wiki tatu nilishuka ngazi kwa makalio. Gapi hula viluwiluwi bila kuhimizwa, mradi usiwashibishe chakula cha dukani. Si jambo geni, kwani katika nyumba za mawe za Lamu samaki wadogo waliwekwa kwenye birika kwa kazi hiyo hiyo.

Gapi jike huzaa watoto hai kila mwezi, mara nyingine zaidi ya ishirini. Wakizidi, wagawie majirani. Usiwamwage kwenye dimbwi wala mtoni. Asili yao ni Amerika Kusini, na madimbwi yetu ya mvua yana samaki wake wadogo wenye rangi, ambao mayai yao husubiri kwenye tope kavu mpaka mvua irudi.

Kabla ya masika, toboa tundu dogo karibu na mdomo wa karai ulifunike kwa neti. Mvua kubwa ya usiku mmoja hulifurisha karai, na samaki wote wakaenda na mchirizi.