Rosterman: Mgodi wa kale na zebaki iliyobaki mikononi mwa wachimbaji

Mwaka 1931, mashamba makubwa ya majani chai Kericho yakiwa bado machanga, mlowezi wa Kimarekani, L. A. Johnson, aligundua dhahabu Kakamega. Bei ya mahindi na kahawa ilikuwa imeporomoka, nao nzige walikuwa wamevamia mashamba, hivyo mamia ya walowezi walimiminika huko. Vijana wa magharibi waliokuwa wakienda Kericho kuchuma majani chai ili wapate fedha za kodi sasa wakapata kibarua karibu na kwao.

Ila ardhi ilikuwa ya wenyeji. Sheria ya 1930 iliahidi kwamba ardhi yao ikitwaliwa, wangepewa nyingine ya kulingana nayo, na baraza lao lingearifiwa kwanza. Desemba 1932, serikali ya kikoloni iliibadilisha sheria hiyo: fidia ikawa fedha, na baraza likarukwa. Ahadi haikudumu hata miaka 3!

Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi kuanzia 1935 hadi 1952, ukatoa zaidi ya wakia 250,000, yaani takriban tani 8 za dhahabu.

Dhahabu hiyo ilijificha katika mishipa ya mawe magumu ya kwatzi. Kila tani ya mawe ilikuwa na gramu 13 hivi tu, na ndiyo maana usafishaji ni kazi kubwa. Kwa kawaida mawe ya aina hii hupondwa, kisha husagwa pamoja na maji hadi yawe tope laini. Zebaki hunasa punje kubwa. Zile zisizoonekana kwa macho huyeyushwa kwa sianidi, na unga wa zinki ukitiwa humo, dhahabu hujitenga na maji, ikachujwa na kuyeyushwa tanurini.

Wachimbaji wadogo wa Kakamega, Migori na Lolgorien, ng'ambo ya mpaka wa Bomet, kwa kawaida huishia kwenye hatua ya zebaki. Huikanda kwa mikono mitupu na kuichoma motoni, wakivuta mvuke unaodhuru neva na mtoto aliye tumboni. Sehemu kubwa ya dhahabu hubaki mchangani, na mara nyingi hununuliwa kwa bei ndogo na wenye mitambo ya sianidi. Sianidi hiyo huyeyusha pia mabaki ya zebaki, ikayafikisha mitoni kwa urahisi zaidi.

Chombo cha chuma kilichofungwa, chenye bomba la kupoza mvuke, huirudisha zebaki nyingi ili itumiwe tena.