Gia ya Nne: Somo la Uimara na Haraka

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye sasa anaishi Texas, ameniandikia kuniomba ushauri ambao sikuutarajia. Amenunua Chevrolet Impala ya mwaka 1970, gari la karibu tani mbili lenye injini ya V8 ya lita 7.4, na anakusudia kulitumia kila siku kwenda kazini. Giaboksi yake ya otomatiki ina gia tatu tu. Katika barabara kuu injini hunguruma na kunywa mafuta bila huruma. Anazo fedha za kununua giaboksi moja yenye gia ya nne, wala hana za kununua nyingine hiyo ikifa. Achague ipi?

Mimi si fundi. Nafundisha historia, na jibu nililompa ni la kihistoria. Naliweka hapa kwa sababu linawahusu pia wale wanaotunga sheria, wanaozitekeleza na wanaozipigania.

Giaboksi ya otomatiki iliingia sokoni kwa wingi Marekani mwishoni mwa 1939, pale kampuni ya General Motors ilipoanza kuuza Hydra-Matic, kazi ya wahandisi walioongozwa na Earl Thompson, katika magari ya Oldsmobile. Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilipopamba moto, giaboksi hiyo ilifungwa katika vifaru vyepesi vya M5. Mwaka 1964 ikaja Turbo-Hydramatic 400, yenye gia tatu na nguvu ya akiba iliyozidi mahitaji ya magari mengi ya siku zile. Ilikuwa imara kiasi kwamba hata Rolls-Royce waliinunua na kuifunga katika magari yao. Mafuta yalikuwa rahisi, na wanunuzi wachache waliona haja ya gia ya nne.

Mambo yaligeuka Oktoba 1973, nchi za Kiarabu zilipoizuilia Marekani mafuta. Katika miezi michache bei ya pipa ilipanda kutoka takriban dola 3 hadi karibu 12. Nchi changa kama Tanzania, ambazo hazikuwa na ugomvi wowote katika jambo lile, zililipa bei hiyohiyo. Januari 1974 Marekani iliweka ukomo wa kasi wa maili 55 kwa saa nchi nzima. Desemba 1975 Rais Gerald Ford alitia saini sheria ya nishati iliyowataka watengenezaji wafikishe wastani wa maili 27.5 kwa galoni katika magari yao mapya ifikapo 1985.

Sheria ile ilikuwa na manufaa. Katika muda wa miaka kumi hivi, umbali ambao gari jipya lilikwenda kwa galoni moja uliongezeka takriban maradufu. Lakini sheria ilipima mafuta. Haikupima maisha ya chombo. Kila kilo iliyopunguzwa ilihesabiwa kuwa faida, hata ilipopunguzwa mahali palipohitaji chuma kinene. Mwaka 1976 General Motors ilitoa giaboksi nyepesi iliyoitwa THM 200. Ilipofungwa katika magari makubwa, malalamiko yakarundikana, na mwaka 1983 Tume ya Shirikisho ya Biashara ilifikia makubaliano na kampuni hiyo ili wenye magari, wakiwamo wa THM 200, wapelekewe malalamiko yao kwa wasuluhishi.

Katika mazingira hayo ndipo ovadraivu ikarudi kwa kishindo. Katika gia ya tatu ya kawaida, injini na shafti iendayo nyuma ya gari huzunguka sawasawa. Katika ovadraivu, shafti huzunguka haraka kuliko injini. Injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,600 kwa dakika itashuka hadi 1,950 kwa uwiano wa 0.75, gari likiwa katika kasi ileile. Mwaka 1982 ikatoka 700R4, yenye ovadraivu ya 0.70. Ilikuwa na gia ya kwanza fupi sana, 3.06, iliyoisaidia injini dogo kuondosha gari. Matoleo ya kwanza yalikuwa na udhaifu. Klachi za gia ya tatu na ya nne ziliungua upesi zilipobebeshwa mzigo, na kebo iliyounganisha pedeli ya mafuta na giaboksi, ikirekebishwa vibaya, ilishusha shinikizo la mafuta na kuziua klachi hizo. Maboresho yalifuata, hasa mwaka 1987, lakini mwenye kuvunjikiwa na giaboksi mwaka 1983 maboresho hayo hayakumfaa kitu.

Ilipofika 1991 wahandisi walifanya jambo ambalo mimi naliona la busara. Waliirudia ile 400 ya mwaka 1964, wakaacha gia zake tatu za mwanzo zilivyokuwa, 2.48, 1.48 na 1.00, wakaiongezea ovadraivu ya 0.75 na kompyuta ya kuiendesha. Wakaiita 4L80-E. Ilifungwa katika malori yenye injini ya lita 7.4, yaani injini ya ukubwa uleule alio nao kijana wetu.

Basi nimemshauri achukue 4L80-E, ikiwezekana ya kuanzia 1997, kwa kuwa tangu mwaka huo njia ya mafuta yanayorudi kutoka kwenye kipozeo ilibadilishwa ili yalainishe vizuri zaidi sehemu za nyuma. Sikumficha gharama. Ni nzito na ndefu kuliko 700R4. Shafti itabidi ikatwe, mhimili wa chini usogezwe, na huenda sakafu ikagongwa kidogo ili giaboksi ienee. Atanunua kompyuta yake na kipozeo cha ziada. Kama gari lake lingekuwa jepesi na injini yake ya wastani, ningemwambia 700R4 iliyoboreshwa inamtosha, mradi kebo ile irekebishwe na mtu anayeijua.

Amenijibu kwamba 700R4 aliyoiona ni nusu ya bei. Nimemkumbusha kwamba rahisi ni ghali, na kwamba wanunuzi wa mwaka 1976 nao walifurahia akiba ya mafuta kabla hawajaletewa ankara ya fundi. Kuokoa mafuta lilikuwa lengo jema. Iliyokosekana ni ibara moja ya kuuliza chombo kitadumu miaka mingapi, na nani atalipa kisipodumu. Nawaomba wanafunzi wangu walio katika ofisi za umma waiulize ibara hiyo kila rasimu inapopita mezani kwao.