Kutoka Kelele hadi Ushahidi: Upigaji Picha wa Miunganiko ya Ubongo katika Demensia

Historia ya demensia kwa kawaida huanzishwa na Alois Alzheimer, ambaye mwaka 1906, huko Tübingen, alieleza madoa na nyuzi zilizosokotana alizoziona kwa hadubini katika ubongo wa mgonjwa aliyefariki. Mwanzo huo ulivizoesha vizazi kadhaa kuutafuta ugonjwa mahali fulani ndani ya ubongo. Wazo jingine, kwamba akili huweza kuvurugika kwa kukatika njia baina ya sehemu ambazo zenyewe ni nzima, lilikuwa limekwisha kutolewa na Carl Wernicke mwaka 1874 kuhusu lugha, likafufuliwa na Norman Geschwind mwaka 1965. Lilikosa chombo cha kulipima kwa mtu aliye hai.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Seiji Ogawa na wenzake walionyesha kuwa mashine ya MRI huweza kufuatilia oksijeni katika damu ya ubongo. Mshiriki alipewa kazi, kama vile kugongesha vidole. Mawimbi ya wakati wa mapumziko yalihesabiwa kuwa kelele, yaani takataka za vipimo. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake waliichunguza kelele hiyo yenyewe. Waligundua kwamba sehemu zinazoendesha mkono wa kulia na wa kushoto hupanda na kushuka pamoja ingawa mtu amelala tuli. Kwa maoni yangu, badiliko kubwa la historia hii liko hapa, si katika kuundwa kwa mashine.

Mambo yaliyofuata yalikwenda kasi. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake walieleza mtandao unaoshughulika zaidi mtu asipokuwa na kazi maalumu. Mwaka 2004 Michael Greicius na wenzake waliuona umedhoofika kwa wagonjwa wa Alzheimer, hasa katika hipokampasi. Na mwaka 2009 William Seeley na wenzake walionyesha kuwa aina 5 za demensia hufuata kila moja mtandao wake.

Hata hivyo, mwaka 2012 ilibainishwa kuwa kutikisika kidogo kwa kichwa hupunguza miunganiko ya mbali katika vipimo, dalili ambayo huweza kudhaniwa kuwa ni ya ugonjwa. Na mzee anayesahau huweza kusahau pia kwamba aliombwa atulie. Ndiyo maana picha hizi, zinazotenganisha makundi ya watu vizuri, bado hazitoshi peke yake kumthibitishia mgonjwa mmoja ugonjwa wake.