Programu ni ya mtu au ya mashine?

Ndugu msikilizaji, mtu akinunua kitabu leo akakisoma sebuleni, kesho akakisoma ndani ya basi, na keshokutwa akamwazima jirani, hakuna atakayemwuliza neno. Fedha ametoa, kitabu ni chake. Lakini mtu huyo huyo akinunua programu ya kompyuta, akaiweka kwenye mashine ya mezani nyumbani, kisha akataka kuiweka pia kwenye ile ndogo anayosafiri nayo, hapo maneno huanza. Yeye ni mmoja, wala hafanyi kazi kwenye mashine mbili kwa wakati mmoja. Je, alipe mara mbili?

Wengi hudhani kwamba swali hili limezaliwa na kompyuta. La hasha. Hata kitabu kiliwahi kupigiwa kamba. Mwanzoni mwa karne ya 20 kampuni ya Bobbs-Merrill ya Marekani ilichapisha riwaya iitwayo The Castaway. Ndani yake iliandika kwamba bei ya rejareja ni dola moja, na kwamba muuzaji hana leseni ya kuiuza kwa bei ya chini ya hiyo. Duka kubwa la Macy's la New York likaiuza kwa senti 89. Kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Marekani, nayo mwaka 1908 ikaamua kwamba mwenye hakimiliki akishauza nakala, hawezi kuendelea kumpangia mnunuzi bei ya kuiuzia. Tangu hapo ikaeleweka kwamba nakala ni mali ya aliyeinunua, ingawa hana ruhusa ya kuchapa nyingine.

Programu zilikuja kwa njia nyingine. Hadi mwishoni mwa miaka ya 1960, anayenunua au kukodi kompyuta kubwa alipewa programu pamoja na mashine. Mwaka 1969 kampuni ya IBM ikatangaza kwamba itaanza kutoza bei ya programu peke yake. Zilipotokea kompyuta ndogo za watu binafsi, kunakili kukawa kazi ya dakika chache. Februari 1976 kijana wa miaka 20 aitwaye Bill Gates aliandika barua ya wazi akilalamika kwamba wengi wanaotumia programu ya BASIC ya kampuni yake hawakuinunua. Malalamiko yake yalikuwa na haki ndani yake, maana anayekesha akiandika programu naye ana tumbo.

Kampuni nyingi zikajibu kwa kufunga milango. Wanunuzi wakaambiwa kwamba hawanunui programu, wanapewa leseni tu ya kuitumia, tena mara nyingi kwenye mashine moja. Nyingine zilitengeneza diski maalumu ambayo bila kuitia kwenye mashine, programu haifunguki. Diski hiyo ikiharibika, mnunuzi halali anabaki nje pamoja na mwizi.

Ndipo ikatokea Borland, kampuni ya Scotts Valley, California, iliyoongozwa na Mfaransa Philippe Kahn. Mwaka 1983 ilianza kuuza Turbo Pascal, programu ya kuandikia programu nyingine, kwa dola 49.95, wakati za aina hiyo ziliuzwa kwa mamia ya dola. Katika miaka hiyo ya 1980 kampuni hiyo ikatoa leseni fupi ya lugha nyepesi. Ilimwambia mnunuzi aichukulie programu kama kitabu. Aweza kuihamisha kutoka kompyuta moja hadi nyingine, aweza kumwachia mwenzake aitumie, mradi isiwezekane itumike mahali pawili kwa wakati mmoja, kama vile kitabu kimoja kisivyoweza kusomwa na watu wawili walio katika nyumba mbili tofauti. Hapakuwa na haja ya wakili wala diski ya kufuli. Tena Borland haikufilisika kwa kuwaamini watu. Turbo Pascal iliuzwa kwa wingi, na wanunuzi wakaisifu.

Hata Microsoft kwa miaka mingi ilimruhusu mtumiaji wa programu zake za Office kuweka nakala ya pili kwenye kompyuta yake ya kubeba, kwa matumizi yake mwenyewe. Lakini mwaka 2001, kwa Windows XP, mnunuzi wa kawaida alitakiwa kuithibitisha programu kwa intaneti au kwa simu, nayo ikafungamanishwa na mashine yake. Mwanzoni mwa 2013 mambo yakazidi. Leseni ya Office 2013 iliyouzwa madukani ilifungwa kwa kompyuta moja daima; mashine ikifa, programu inazikwa nayo. Watu wakapiga kelele, na Machi mwaka huo huo kampuni ikalegeza, ikaruhusu kuihamisha.

Mahakama nazo hazikukubaliana. Mwaka 2010 mahakama moja ya rufani ya Marekani ilisema kwamba aliyepewa programu kwa leseni yenye masharti mazito si mmiliki wa nakala. Mwaka 2012 Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikasema kwamba leseni iliyolipiwa mara moja bila kikomo cha muda yaweza kuuzwa tena, lakini muuzaji lazima nakala yake asiweze kuitumia tena. Angalia, ndugu msikilizaji, ni ile ile hekima ya kitabu.

Leo leseni nyingi zimerudi kumhesabu mtu. Anayelipia Microsoft 365 ya mtu mmoja anaruhusiwa kuitumia kwenye vifaa hadi vitano kwa wakati mmoja. Mwaka 2013 kampuni ya Adobe nayo iligeukia malipo ya mwezi au mwaka, ikiruhusu kompyuta mbili kwa kila mlipaji. Swali letu la mashine mbili limejibiwa, lakini kwa gharama. Mnunuzi amegeuzwa mpangaji. Kodi ikikatika, mlango unafungwa, hata kama kazi zake za miaka kumi zimo ndani. Nguo ya kuazima haisitiri maungo.

Kabla ya kutoa fedha, basi, usiulize tu programu inaingia kwenye mashine ngapi. Uliza pia kama inahama mashine ikifa, na kazi zako zitafunguka vipi siku utakapoacha kulipa. Mwandishi wa programu alipwe jasho lake, hilo halina ubishi. Lakini historia imeonyesha kwamba aliyelipa anaweza kuaminiwa, na biashara ikaendelea. Hadi juma lijalo.