Kideri na chanjo iliyochelewa kufika uani

Kuku wakifa ghafla uani, wa kwanza kushukiwa huwa jirani. Kaweka sumu ya panya, au kachoka na kuku wanaoparua mchicha wake. Shaka hiyo hudumu mpaka banda la jirani mwenyewe libaki tupu, siku mbili tatu baadaye. Hapo ndipo watu husema: kumbe ni kideri.

Sehemu nyingi za Tanzania huuita mdondo, na dalili zake anazijua hata mtoto anayefungulia kuku asubuhi. Kuku hujikunyata, mabawa yakaning'inia, akaharisha kijani na kuhema mdomo wazi. Anayechelewa kufa hupinda shingo na kuzunguka palepale alipo. Wengine hufa kabla hata ya kuonyesha dalili, na kundi lisilochanjwa laweza kuteketea karibu lote.

Katika vitabu vya tiba ya mifugo ugonjwa huu unaanza mwaka 1926. Mwaka huo uliripotiwa kisiwani Java, wakati huo koloni la Waholanzi, na pia katika shamba moja karibu na mji wa bandari wa Newcastle upon Tyne, Uingereza. Ulifanana mno na tauni ya kuku, ambayo leo inajulikana kuwa ni mafua ya ndege. Mtafiti T. M. Doyle akaonyesha kwamba kuku aliyepata kinga ya ugonjwa mmoja hana kinga ya ule mwingine. Basi yalikuwa maradhi mawili. Akaupa jina la Newcastle kwa muda tu, hadi lipatikane lililo bora. Hadi leo halijapatikana.

Kwamba ulizaliwa mwaka huo ni jambo la kubishaniwa. Mwaka 1896 visiwa vya magharibi mwa Scotland vilipoteza kuku wake, na wataalamu waliokuja baadaye wakashuku kideri. Afrika Mashariki uliripotiwa nchini Kenya katika miaka ya 1930, lakini ripoti ya daktari haithibitishi kwamba kabla yake kuku walikuwa salama. Sotoka ilipoangamiza ng'ombe miaka ya 1890, wamisionari na maafisa waliandika kurasa nyingi. Ng'ombe alikuwa mali, mahari na heshima ya mwanamume. Kuku alikuwa wa mama na watoto, na kifo chake kiliishia jalalani, au chunguni.

Au sokoni. Fununu za mdondo zikivuma, wengi huwahi kuuza kabla hawajapata hasara. Matenga hufungwa nyuma ya baiskeli au juu ya basi, na kirusi husafiri pamoja na kuku walio wazima kwa macho tu. Anayenunua jogoo wa bei poa siku hizo huupeleka ugonjwa nyumbani kwake kwa hela yake mwenyewe. Wanaobaki nao hujaribu pilipili, mwarobaini na shubiri kwenye maji ya kunywa. Dawa hizo hazikizuii kirusi hiki, wala hospitali haina dawa ya kukiua.

Chanjo ilikuwepo zamani. Ile ya LaSota, iliyotokana na kirusi kilichopatikana katika shamba moja la New Jersey, Marekani, katika miaka ya 1940, iliwaokoa wafugaji wakubwa wa kuku wa mayai. Kwa mwenye mitetea kumi isiyo na hata banda la maana, haikuwa na msaada mkubwa. Ilitaka ubaridi tangu kiwandani hadi kwa kuku, na mara nyingi chupa moja ilikuwa ya kuku elfu. Ikishachanganywa na maji inabidi itumike ndani ya saa chache. Nani angeikusanyia kuku elfu katika kitongoji kisicho na umeme?

Jibu lilitoka Queensland, Australia. Huko Peter Spradbrow na wenzake walitafuta kirusi kipole kinachostahimili joto, wakapata aina iitwayo I-2. Chanjo yake ikiwa kavu na kuwekwa gizani huweza kudumu wiki nane kwenye nyuzi joto 28. Mbegu yake ilitolewa bure kwa maabara za nchi zinazoendelea, na Tanzania ikaanza kuitengeneza Temeke, Dar es Salaam. Huo, kwa haki kabisa, ndio uamuzi mkubwa zaidi katika hadithi hii: mbegu kutouzwa.

Kazi yenyewe hufanywa alfajiri, kuku wangali ndani. Mchanjaji wa kijiji hubeba chupa iliyozungushiwa kitambaa kibichi. Mtu mmoja humshika kuku na kumlaza ubavu, mwingine humdondoshea tone moja jichoni na kusubiri apepese ndipo amwachie. Hurudiwa kila baada ya miezi minne, kwa malipo madogo kwa kila kuku.

Tatizo la mchanjaji sasa ni lingine. Tone lile huzuia kideri peke yake. Ndui ikiingia bandani mwezi unaofuata, au homa ya matumbo ya kuku, mwenye kuku humfuata akidai arudishiwe hela yake, na kampeni inayokuja baadhi ya milango haifunguliwi. Ndiyo maana wakufunzi wa wachanjaji husisitiza waseme mapema, kabla ya kupokea senti, chanjo hii inazuia nini na haizuii nini.