Jembe au Nyumba?

Wiki iliyopita niliombwa kutengeneza bango la mkutano wa akina mama wa kikundi cha kuweka akiba, kijijini kwetu Chamwino. Mwandishi wa gazeti akijua kompyuta kidogo ni hatari! Nikaweka aina nne za herufi, vivuli, na picha ya machweo. Bibi, ambaye amepita miaka 80, akalitazama weee, kisha akauliza: "Mjukuu wangu, hapa wanauza nini?"

Nilicheka, lakini iliniuma. Bibi hakwenda shule, na bango lilikuwa la watu kama yeye.

Jioni akanisimulia kura yake ya kwanza. Septemba 1965 TANU, chama pekee Bara wakati huo, ilisimamisha wagombea wawili katika majimbo mengi ya ubunge. Wapiga kura wengi hawakujua kusoma, kwa hiyo mgombea mmoja alipewa alama ya jembe, mwingine nyumba. Basi. Vitu viwili ambavyo kila Mgogo alivijua kabla ya kushika kalamu.

Ila usidhani mchoro rahisi hauna ujanja. Bibi anakumbuka watu wa jembe wakitamba, "Bila jembe mtakula nini?" Wa nyumba wakajibu, "Na hilo jembe utalilaza wapi mvua ikinyesha?" Alama za kutofautisha majina zikaanza kupiga kampeni zenyewe!

Februari 5, 1977 TANU na ASP zikaungana kuwa CCM, na jembe tukaliona tena, safari hii likipishana na nyundo: mkulima na mfanyakazi. Wasovieti walikuwa na nyundo na mundu. Wazo ni la ukoo mmoja, lakini mkulima wetu humtambulishi kwa mundu. Njano juu ya kijani, mtoto anaichora mchangani kwa kijiti. Uipende CCM au usiipende, hapa Dodoma bendera ile unaitambua ukiwa mbali.

Jamani, tumezoea kudhani usahili ni mtindo wa Ulaya na wa simu za bei mbaya. Mwaka 1965 ilikuwa njia ya kumwezesha asiyejua kusoma achague mwenyewe, bila kunong'onezwa na mtu.

Bango nimelirudia: kibubu kimoja kikubwa, siku na mahali. Bibi akatupa jicho mara moja tu.

"Kumbe ni akiba! Haya, sasa nisomee ni lini."