Usukani usio na chuma: historia fupi ya pawa stiaringi ya trekta ndogo

Leo tunaiweka PHP kando tuzungumze kuhusu trekta. Najua wengine wenu mmekuja kutafuta mambo ya hifadhidata, lakini nivumilieni. Ndani ya usukani wa trekta ndogo kuna mfumo mzuri sana wa kujirekebisha wenyewe, na ulibuniwa kabla ya wengi wetu kuzaliwa. Tena ni mfumo ambao mafundi wengi huutoa mzima na kuweka mwingine, hata pale kilichoharibika kinapokuwa sili ya bei ya soda chache. Anayejua ulikotoka atajua pa kuanzia kuutafuta ugonjwa.

Tuanze na uzito. Trekta za zamani hazikumtesa sana dereva kwenye usukani. Uzito mwingi uko nyuma, na plau ikifungwa nyuma mbele kunabaki kwepesi zaidi. Massey Ferguson 135, iliyotoka mwaka wa 1964 na ambayo bado utaiona mashambani kwetu, nyingine ziliuzwa na stiaringi boksi ya kawaida tu: gia, vyuma na misuli ya dereva. Ikiwa inalima, hakuna neno. Lakini ifungie ndoo ya mbele ya kuzoa samadi au mchanga, na mzigo wote unakaa juu ya magurudumu mawili madogo. Jaribu kukata kona trekta ikiwa imesimama utajua maana ya jasho.

Wa kwanza kulitatua jambo hili kwa njia iliyofaa barabarani alikuwa Mmarekani Francis W. Davis, mhandisi aliyekuwa upande wa malori wa kampuni ya Pierce-Arrow. Aliacha kazi akafungua karakana yake Waltham, Massachusetts, na mwaka wa 1926 gari lake lilikuwa linakata kona kwa msaada wa mafuta yenye presha. Ujanja wake haukuwa pampu, maana pampu zilikuwepo. Ujanja ulikuwa valvu. Badala ya kuyaweka mafuta kwenye presha kali saa zote, yakisubiri kuvuja, aliyaacha yazunguke bure usukani ukiwa umenyooka. Dereva akizungusha, valvu inabana njia, presha inapanda upande mmoja tu, na ni wakati huo tu pampu inafanya kazi ngumu. Sisi waandika programu tungesema seva haichoki bila ombi.

Mbona basi hatukupata pawa stiaringi mwaka wa 1927? Pesa. General Motors walifanya mkataba na Davis, kisha uchumi wa dunia ukaanguka na mwaka wa 1934 wakauacha kwa sababu ya gharama. Vita Kuu ya Pili ndiyo iliyoirudisha, kwa magari mazito ya kijeshi. Mwaka wa 1951 Chrysler wakaiweka kwenye gari lao la Imperial kwa jina la Hydraguide, wakitumia mawazo ya hataza za Davis zilizokwisha muda. General Motors nao wakazinduka, na mwaka wa 1952 Cadillac zikawa nayo. Miaka 25 ya kusubiri kitu ambacho tayari kilifanya kazi! Walioandika programu nzuri ikalala bila mtumiaji wataelewa.

Sasa shikeni jambo moja, kwa sababu makosa mengi ya mafundi yanaanzia hapa. Usukani wa Davis ni wa kusaidiwa. Chuma bado kinatoka usukanini hadi kwenye magurudumu. Mafuta yanasukuma tu pamoja na wewe. Pampu ikifa, chuma kipo. Trekta ndogo nyingi za leo hazina chuma hicho kabisa. Kati ya usukani na gurudumu kuna paipu za mpira na mafuta, basi.

Hayo tulipewa na mtu wa Minneapolis aitwaye Lynn Charlson, mwenye kampuni ya Char-Lynn. Alikuwa akitengeneza mota za haidroliki zinazozunguka polepole kwa nguvu nyingi, na ndani yake aliweka gia mbili za ajabu: ndogo yenye meno 6 ndani ya pete yenye meno 7. Kwa kuwa meno hayalingani, gia ndogo haikai katikati. Inazunguka huku ikitembeatembea ndani ya pete, na vyumba vya kati vinapanuka na kubanwa. Mhimili ukizunguka mara moja, gia ile imetembea mizunguko 6 ndani ya pete yenye vyumba 7, yaani vyumba vimejaa na kumwagika mara 42. Ndiyo maana mwendo wake ni laini.

Charlson akaona kwamba mota hiyo ukiigeuza inakuwa mita ya kupimia mafuta. Hataza yake ya kifaa cha kuongozea ilitolewa Marekani mwaka wa 1961. Kinafanya kazi hivi. Chini ya usukani kuna mhimili wenye mifereji, umeingia ndani ya bomba lenye matundu, na katikati yao springi bapa zinazowarudisha pamoja. Ukizungusha usukani, mhimili unatangulia bomba kwa nyuzi chache, matundu yanakutana na mifereji, na mafuta ya pampu yanaingia. Lakini hayaendi moja kwa moja kwenye silinda. Lazima yapitie zile gia, na gia zikizunguka zinalizungusha bomba limfuate mhimili wake. Likimfikia, matundu yanafungwa. Ukiacha kuzungusha, trekta inaacha kukata kona.

Ukiiangalia vizuri utaona ni mzunguko kamili wa taarifa: ombi, kipimo, jibu, kufunga. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Kama silinda inahitaji sentimita za ujazo 240 kutoka kona hadi kona, na gia zinapitisha 80 kwa mzunguko mmoja, utazungusha usukani mara 3. Hakuna kompyuta humo, hata waya hakuna. Na injini ikizimika ukiwa mteremkoni, zile gia zinageuka pampu ya mkono: ukizungusha kwa nguvu, mafuta yanasukumwa na magurudumu yanageuka. Ni kazi ngumu, lakini unafika pembeni ukiwa hai.

Kampuni ya Danfoss ya Denmark iliufanya uzao huu ujulikane duniani kwa jina la Orbitrol, hadi fundi wa leo anasema "obitro" hata ikiwa imetengenezwa na kampuni nyingine. Char-Lynn ilinunuliwa na Eaton. Mwaka wa 2021 Danfoss wakanunua biashara yote ya haidroliki ya Eaton kwa dola bilioni 3.3, na Tume ya Ulaya ikawapa sharti: lazima waachilie sehemu ya biashara ya mota hizi na vifaa hivi vya usukani, kwa hofu kwamba soko lingeshikwa na mkono mmoja. Sehemu hiyo ikaenda kwa kampuni ya Interpump ya Italia. Miaka 60 baada ya hataza, gia ya meno 6 ndani ya 7 bado inagombaniwa.

Trekta ndogo zenyewe zilikua upande mwingine wa dunia. Kubota, kiwanda cha chuma kilichoanza Osaka mwaka wa 1890, kilitoa trekta yake ya kwanza ya shamba mwaka wa 1960, ya kutosha mashamba madogo ya Japani. Mwaka wa 1969 L200 ikaingia Marekani, na mwaka wa 1973 Ford nao wakawa wanauza Ford 1000 iliyotengenezwa na Shibaura. Wanunuzi wa huko wakaanza kuzifungia ndoo za mbele. Nyingi zilikuwa na magurudumu ya mbele yanayovuta pia, ekseli nzito. Shida ya uzito ikarudi kwenye mashine ndogo, na dawa ya Charlson ilifaa sawasawa: paipu hupinda popote, chuma hakipindi.

Sasa turudi nyumbani. Baba mdogo wangu ana trekta ndogo ya Kijapani huko Nyandarua. Usukani ulianza kuteleza: unafika mwisho wa kona lakini unaendelea kuzunguka, na kwenye njia iliyonyooka lazima urekebishe kila mara. Karakana moja ilimwambia obitro imekufa, anunue mpya, kwa bei inayokaribia ng'ombe wa maziwa. Tulifanya jaribio moja kwanza. Tulishusha ndoo, tukazima injini, tukafungua paipu mbili zinazoingia kwenye silinda, tukaziba ncha kwa vizibo vya chuma vya nati, si vitambaa. Tukawasha tukazungusha polepole. Usukani ukagoma, mgumu kama ukuta. Maana yake obitro inashika. Mafuta yalikuwa yanapita ndani ya silinda, kutoka upande huu wa pistoni kwenda ule. Kama ungeendelea kuzunguka, basi obitro ndiyo mgonjwa. Tulibadilisha sili za silinda, tukatoa hewa kwa kukata kona hadi kona taratibu, na hadi leo inafanya kazi.

"Kumbe mlikuwa mnaiuliza maswali," baba mdogo akasema. Ndiyo, ami. Hiyo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya mjini.

Kuna jambo la hatari nililoliona kwenye trekta ya jirani yake. Fundi aliifungua obitro juu ya gunia bila kuweka alama, akairudisha na gia ikiwa imeruka jino. Injini ilipowashwa usukani ulizunguka wenyewe kwa kasi na kumpiga mkononi. Mpangilio wa meno na matundu ndio akili yote ya kifaa hiki. Ukiukosea, hakikuongozi tena, kinarudi kuwa mota alivyozaliwa babu yake. Hebu fikiria hayo yatokee mteremkoni na mtu amesimama mbele. Kama ni lazima uifungue, weka alama kabla ya bolti ya kwanza, na jaribu ekseli ikiwa imeinuliwa na mikono ikiwa mbali.

Kwa ufupi, kwa wenye haraka:

Usukani mgumu pande zote lakini unalegea ukiongeza moto: angalia kiwango cha mafuta, chujio lililoziba, kisha pampu na valvu ya presha.

Mgumu hata ekseli ikiwa hewani: angalia kingipini na viungo. Huenda haidroliki haina kosa.

Unaruka-ruka, mafuta yana povu: hewa inaingia upande wa kufyonza.

Unaendelea kuzunguka mwisho wa kona: silinda au obitro. Fanya jaribio la vizibo kabla ya kutoa pesa.

Na msitafute uvujaji kwa kidole. Presha humo mara nyingi hupita bar 100, na uzi mwembamba wa mafuta hutoboa ngozi. Kidonda huonekana kidogo lakini ni cha kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Tumieni kipande cha katoni.

Wiki ijayo tunarudi kwenye hifadhidata, naahidi. Mwenye trekta inayosumbua aniambie dalili kwanza, kabla ya kuniambia fundi amesema nini. Kazi njema.